Upepo wa Port Fairy

Murray Heffernan alikuwa akimwonea wivu mkewe, Noeleen, tena wivu wa waziwazi. Walianza kuendesha baiskeli pamoja, siku moja, baada ya daktari kuwasema wote wawili kuhusu vitambi vyao. Kila Jumapili walitoka mjini kwao Warrnambool, pwani ya Australia, mpaka mji wa Port Fairy, wakanywa kahawa bekari, wakarudi. Mwanzoni kilo zilimtoka Murray kwa kasi, naye akatamba. Tangu Pasaka zikagoma. Aliacha bia, akaacha pai ya nyama, akawa anapanda mizani bila nguo asubuhi, kana kwamba suruali ndiyo ilikuwa na kosa. Mia moja na mbili, palepale. Noeleen anazidi kupungua, na keki yake ya krimu anakula yote, bila haya.

Hilo angelivumilia. Kilichomkaba roho ni Darryl, fundi bomba aliyeongoza kikundi cha waendesha baiskeli waendao kasi.

"Noeleen, kila nikikuona unazidi kuwa binti!" Darryl alizoea kusema pale bekari. "We babu, unamlisha nini huyu? Mbona wewe huli hicho hicho?"

Murray alicheka kwa meno tu, ndani anawaka.

Alhamisi moja, akiosha vyombo, Noeleen akasema, "Jumapili hii naenda na kina Darryl."

"Na mimi?"

"Wanakimbia wale, baba. Hutawaweza."

Jumapili ndiyo siku pekee aliyokuwa na mkewe peke yake, na sasa inachukuliwa na fundi bomba. Murray hakupata usingizi wa maana. Jumapili yenyewe walipoondoka akangoja kidogo, akawafuata, ili ajionee kwa macho yake.

Hakwenda mbali kabla upepo haujamshika. Ni ule ule wa magharibi aliouzoea, lakini leo ulimpiga kifuani kama mtu anayemwambia arudi nyumbani. Akashusha gia, akashusha tena, mapaja yanawaka moto. Barabara ilikuwa ileile, baiskeli ileile. Kilichokosekana ni mgongo wa Noeleen mbele yake, na hilo hakutaka kulifikiria.

Alifika bekari jasho linamchuruzika. Kikundi kilikuwa kinamalizia kahawa, Darryl ameketi karibu na Noeleen, karibu mno.

"Umekuja kunipeleleza?" Noeleen akauliza.

"Nimekuja kujua una nini na huyu!"

Darryl akakumbuka ghafla kwamba anataka kwenda chooni.

"Huyu ananikingia upepo, Murray. Huku tunapokezana. Fulani akae mbele kidogo, kisha mwingine, kisha mimi. Wewe mwaka mzima umejibanza nyuma ya gurudumu langu."

"Nilikuwa nakulinda na malori!"

"Malori gani? Hakuna lori lililowahi kunigusa. Upepo ndio unanipiga kila Jumapili. Halafu unashangaa kilo hazitoki! Zitatokaje, na kazi nafanya mimi?"

Wivu wa Murray kwa Darryl haukupungua hata chembe, ila sasa ulikuwa na sababu nyingine: mtu baki alikuwa amempumzisha mkewe, na mumewe hakuwahi.

"Jumapili ijayo mimi nakaa mbele," akasema. "Njia nzima ya kuja."

"Haya. Tutaona."

Akakaa mbele. Alitukana upepo mpaka sauti ikakauka, na Jumapili iliyofuata akautukana tena. Nyuma yake Noeleen aliimba, jambo ambalo hakuwahi kulisikia barabarani. Kabla Krismasi haijafika, mizani iliyogoma tangu Pasaka ikamwonyesha tisini na tisa. Noeleen hakwenda tena na kina Darryl.

Murray angestarehe, lakini zamani alimwona mkewe njia nzima, na sasa hamwoni kabisa. Siku moja kina Darryl wakawapita kwa kasi, wakipiga kengele na kuita majina. Kengele zikapotea mbele, na nyuma kwake hakusikia wimbo wala mnyororo, upepo tu masikioni.

"Noe!" akapiga kelele, roho mkononi. "Upo?"

"Nipo. Usigeuke, utatuangusha."