Jicho Lililokataa Kufumba

Tangu asubuhi Marceline Masengo alikuwa akizunguka nyumbani kwake akitamka herufi mbili, P na B, huku kidole kimeshikilia pembe ya kushoto ya mdomo ili midomo ikutane. Akiachia kidole, P ilitoka kama pumzi ya mtu anayezima mshumaa, na B ikageuka V. Herufi hizo zilikuwamo katika namba ya ombi lake, na saa tisa alasiri angetakiwa kuisoma kwa sauti mbele ya mtu wa Amerika ambaye hajapata kumwona.

Marceline, binti wa dereva wa garimoshi wa Kamina, alikuwa mwalimu wa marubani. Miaka ishirini na miwili nyuma makanisa yalimpeleka Amerika kusomea kazi hiyo, na tangu arudi alikuwa akifundisha katika ndege ndogo ya watu wanne, ile inayopeleka wauguzi na dawa Kaniama, Kabondo-Dianda na kwingine kote ambako barabara hukatika mvua zikishika. Ndege iliandikishwa Amerika, kwa hiyo cheti cha mwalimu nacho kilipaswa kuwa cha huko, na kila miezi ishirini na minne kilitakiwa kufanywa upya. Zamani ungesafiri kumfuata mkaguzi. Siku hizi mkaguzi hukutana nawe kwa video: unamwonyesha pasipoti, unamwonyesha uso, akiridhika kwamba ni wewe anakupitisha. Masomo ya marudio Marceline alikwisha kuyamaliza kwenye kompyuta. Kilichobaki kilikuwa uso.

Na uso ndio uliokuwa umeharibika. Wiki tatu kabla ya siku hiyo alikuwa akisukutua mdomo asubuhi, maji yakamtoka yenyewe upande wa kushoto na kumlowesha kanga. Alipojitazama kwenye kioo, nusu ya uso wake ilikuwa imelala. Shavu limelegea, nyusi imeshuka, jicho limekodoa na halitaki kufumba. Majirani wakanong'ona kwamba mwanamke anayepita juu ya vichwa vya watu kila siku hakosi mtu wa kumloga. Daktari wa hospitali alimwambia akunje paji, apulize, acheke, kisha akatikisa kichwa.

"Haiko AVC, ile ya kupooza mwili, mama. Iko neva ya uso njo imevimba. Itarudia kiloko kiloko, haiko haraka. Lakini ndege, ngoya kwanza."

Hakungoja. Siku ya tisa alipanda ndege pamoja na Gracia, msichana wa miaka ishirini na minne, binti wa ajida wa Base, kambi ya jeshi, ambaye alibakiza saa chache tu za kuruka kabla ya mtihani wake wa leseni huko Lubumbashi. Tarehe ilikuwa imekwisha kupangwa, na Gracia alikuwa ameisubiri mwaka mzima. Walipokuwa wakirudi kutua, upepo wa tundu la hewa ulimpiga Marceline kwenye lile jicho lisilofumba. Machozi yakajaa, akayafuta, yakajaa tena, na uwanja wote ukamyeyukia kama anautazama kupitia kioo chenye mvua. Akanyamaza. Gracia akaishusha ndege peke yake, akaishusha vizuri. Marceline akamsifu, akateremka, akazunguka nyuma ya hanga, banda la ndege, kujifuta jicho. Hakumwambia mtu, na mumewe hakujua hata kwamba ameruka.

Mumewe, Séraphin, baba wa mtoto wao Musau, alikuwa msaidizi wa mkuu wa stesheni, mtu wa kupanga mambo kabla hayajafika. Saa nane na nusu alikuwa sebuleni akisogeza meza, akiegemeza simu kwenye cherehani, akirudi nyuma kupima kama mpiga picha.

"Kaa hivi. Dirisha ibakie ku mukono ya kuume. Ile upande ya mubaya itakuwa mu kivuli."

"Na akiniuliza?"

"Atakuuliza nini? Unajibu ile anauliza, basi. Mama Musau, zimebakia siku mbili. Hii cheti ikikufa, ni kurudia examen yote kule Amerika. Nani atakupeleka?" Akaisogeza simu kidogo tena. "Haiko bongo. Iko tu mwangaza."

Kabla ya yeye kusema bongo, hakuna aliyekuwa ametaja uongo.

Saa tisa kamili simu ikalia. Kwenye kioo akatokea mwanamke wa makamo, nywele za mvi zimekatwa fupi, kikombe mkononi. Huko kwao ilikuwa asubuhi. Alijitambulisha kuwa Bi. Lindqvist, akasema yeye mwenyewe amefundisha urubani miaka thelathini. Wakazungumza kwa Kiingereza, lugha ambayo Marceline aliijua vema ila siku hiyo ilimkwama mdomoni kama ugali wa moto.

"Nisomee namba ya ombi lako, tafadhali."

Marceline akajifanya anajikuna shavu, akabana pembe ya mdomo. P ikapita. Tarakimu zikapita. Alipofika kwenye B, midomo ilimtoroka.

"V?" mkaguzi akauliza.

"Hapana. Bravo."

"Vravo? Samahani, sikusikii vizuri."

Marceline akaacha kurudia. Akachukua kalamu, akaandika herufi ile kubwa kwenye karatasi, akaiinua. Bi. Lindqvist akaandika, akashukuru, lakini sasa alikuwa ameinamia kioo chake kuliko mwanzo.

"Pasipoti naiona. Uso wako nauona nusu, Madame. Sogea kwenye mwanga, siwezi kulinganisha."

Nyuma ya simu Séraphin akatikisa kichwa, mkono umenyooka na kiganja kimefunguka: usisogee. Wakati huohuo injini ya kupanga mabehewa ikapita nje ya kambi ya reli walimoishi, meza ikatetemeka, na picha ikaganda. Bi. Lindqvist akabaki mdomo wazi, kikombe hewani. Pembeni, katika kidirisha kidogo, Marceline alijiona yeye mwenyewe. Alikuwa shavu moja na jicho moja, kwingine giza. Alifundisha watu miaka ishirini kwamba rubani haanzi safari kwa kuficha kipimo kinachoonyesha kasoro. Alikuwa akiwafokea kwa hilo. Akainuka, akakamata kiti, akakigeuza kuelekea dirishani.

"Uko unafanya nini?" Séraphin akanong'ona.

Picha ikarudi. Mkaguzi akautazama uso, akaitazama pasipoti, akautazama uso tena.

"Nini kimekupata?"

Marceline akamweleza: neva, daktari, vidonge, plasta ya kufungia jicho wakati wa kulala. Mkaguzi alisikiliza bila kumkatiza.

"Pole sana. Ni wewe, nimeridhika. Na kwa sheria yetu cheti cha ualimu hakidai karatasi ya daktari, kwa hiyo kwa upande wangu kazi imekwisha." Séraphin akashusha pumzi. "Lakini nina swali moja lisilokuwamo kwenye fomu. Nakuuliza kama mwalimu mwenzako. Tangu ugonjwa huu ukupate, umeruka?"

Séraphin alisoma Kiingereza kidogo cha shule, na swali lile alilielewa. Akatabasamu, akaashiria hapana kwa kidole, kwa sababu yeye alijua kwamba jibu ni hapana.

Marceline akaendelea kuitazama simu.

"Nimeruka. Mara moja. Na mwanafunzi."

Séraphin akajishusha polepole kwenye ukingo wa kitanda cha sebuleni. Marceline hakumtazama. Alisimulia yote: tundu la hewa, machozi, uwanja ulioyeyuka, kunyamaza kwake, mikono ya Gracia. Alipomaliza, mkaguzi akasogea karibu na kioo chake.

"Mwanafunzi anajua?"

"Sijui."

"Hujui kwa sababu hukumwambia."

"Ndiyo."

Bi. Lindqvist akaweka kikombe chini. "Sikuwekwa hapa kukuhukumu. Ombi lako limetimia, naliidhinisha. Ila unajua sheria kuliko ninavyoweza kukufundisha. Mpaka daktari wa marubani akuandikie kwamba jicho limepona, huwezi kubeba dhamana ya ndege, na mwanafunzi asiye na leseni hawezi kuibeba kwa niaba yako. Maana yake ni kwamba huwezi kuruka naye. Ulilijua hilo siku ile."

"Nililijua."

"Mwambie leo. Si kesho."

Akaaga. Baada ya dakika kumi hati ya muda ikaingia kwenye simu, jina lake limeandikwa sawasawa, na hakuna aliyeifurahia.

"Ulinificha," Séraphin akasema.

"Nilikuficha, Baba Musau."

"Minyi niko nakufundisha kujificha mu kivuli, kumbe weye ulishatangulia." Sauti yake haikupanda, na hilo lilimuumiza zaidi. Akatoka nje, akasimama karibu na pikipiki akiwa amempa mgongo. Kisha akasema bila kugeuka, "Kuya. Nitakupeleka."

Walimkuta Gracia kwenye uwanja, amepanda ngazi fupi, anafuta kioo cha mbele cha ndege. Alipomwona mwalimu wake alishuka haraka. "Mama Marceline! Bamekupatia cheti?"

"Bamenipatia. Lakini minyi sitaruka na weye, Gracia. Ile siku tulirudia, sikukuwa naona piste, ile njia ya kutua. Hata kiloko. Nilikuacha peke yako, na sikukuambia."

Gracia akakunja kitambaa mara mbili, mara nne.

"Nilijua, mama."

"Ulijua?"

"Kila siku tukiteremuka uko unasema, kiloko, kiloko, vuta sasa. Ile siku ulinyamaza. Nikaangalia mikono yako, ilikuwa imeshika magoti."

"Juu ya nini haukusema?"

"Ningesema nini? Minyi niko mwanafunzi. Nitaambia mwalimu yangu, hauone?" Macho yake yakajaa, na mara ile woga aliokuwa ameuweka moyoni wiki mbili ukageuka hasira. "Niliogopa vile sijaogopaka! Na sasa examen yangu?"

"Tarehe itapita bila weye. Nitabaandikia ba examen, ni kosa yangu, haiko yako."

Gracia akatupa kitambaa ndani ya ndoo, maji yakaruka, akashika njia ya Base kwa miguu bila kuaga. Marceline alisimama palepale mpaka mgongo wa yule msichana ukapotea kwenye vumbi. Lile jicho lilitoka machozi, na siku hiyo hata jicho zima la kuume.

Gracia hakuonekana siku nane. Siku ya tisa alikuja na daftari, akasalimia kwa baridi, akaketi hangani kusoma hali ya hewa na hesabu za mafuta, mambo ambayo mwalimu angeweza kuyafundisha akiwa chini. Hivyo ndivyo walivyoenda miezi mitatu. Jicho lilianza kufumba robo, kisha nusu. P ilirudi kabla ya B. Mwezi wa nne daktari wa marubani wa Lubumbashi alimulika, akapima, akaandika karatasi. Tabasamu la Marceline halikunyooka kabisa, na hadi leo halijanyooka.

Gracia alikuja kufaulu mtihani wake kipindi kilichofuata. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na asubuhi ya kwanza ya kurudi hewani. Walikuwa wamekwisha kujifunga mikanda, mkono wa Gracia uko kwenye ufunguo, naye hakuugeuza.

"Mama, uko unaona mwisho ya piste?"

"Niko naona."

"Kuko nini kule?"

Marceline hakuona kosa katika swali lile. Akaegemea mbele, akatazama kwa utulivu. "Mbuzi mbili."

"Tatu," Gracia akasema.

Akatazama tena, sasa kwa muda mrefu zaidi. Wa tatu alikuwa amelala kwenye majani, ni pembe tu zinazoonekana. "Tatu," akakubali.

Gracia akaondoa mkono kwenye ufunguo, akafungua mlango, akaenda kuwafukuza.