Vifungo vya Mzee wa Watu

Jamani, leo nimemfunga vifungo vya shati mzee wa watu, naye akavifungua vyote mbele ya macho yangu!

Naibandika habari hii hapa kwenye ubao wa klabu yetu ingali moto, kabla hamjaisikia kwa Mama.

Mnajua Mama alipasuliwa nyonga, na tangu arudi nyumbani, mtaani Bredäng, hatembei. Daktari anataka akae wiki chache kwenye nyumba ya wazee, afanyishwe mazoezi.

Mimi na nyumba za wazee? Nikampeleka tuikague kwanza.

Nikanusa korido: hakuna harufu ya mkojo. Nikapapasa shuka: safi. Manesi wote wanatabasamu.

Hapo ndipo nikazidi kushuku.

Mara namwona mzee mmoja wa Kiswidi, mkono umepooza, anahangaika na vifungo vya shati. Nesi kasimama pembeni, mikono mfukoni, anamtazama tu!

Sikuuliza. Nikamalizia kumfunga hadi shingoni, huku nikimkata nesi jicho.

Mzee akanitazama. Akavifungua kimoja kimoja kwa mkono wake mzima, akaanza upya.

"Ndiyo mazoezi yake," nesi akasema. "Alikuwa amebakiza viwili tu."

Nikageuka kwa Mama kwenye kiti cha magurudumu, anitetee.

"Mwanangu, nyumbani nani ananivalisha soksi?"

"Mimi, Mama."

"Maji ya kunywa nani ananiletea kitandani?"

"Si mimi, Mama!"

"Basi niache hapa."

Nimemwacha. Ila kesho nawatokea saa ya chakula bila taarifa, nione kama kuna anayemkatia nyama.

Msinicheke. Penseli nimeifunga hapa kwa uzi, andikeni jibu chini: ninyi mngemwacha?