Faili mbili zilivyongojana mbele ya kikundi cha mama

Chamgei wakuu. Hii ni ya ukweli mtupu. Ningekuwa natunga, ningejipa sehemu nzuri zaidi.

Mimi ni mtu wa nyumbani, huku upande wa Sigowet. Form four nilimaliza, Python nikajifunza kwa simu, na baridi ya asubuhi hatujawahi kuelewana.

Kikundi cha mama huchuna majani chai kwa zamu: leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kila boma hutoa mtu mmoja. Goti la mama likaanza kumsumbua, so macho yote yakanigeukia.

Mnajua majani chai ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi? Yamelowa utadhani yametoka kuoshwa. Kikapu mgongoni, maji mpaka kiunoni.

Nikawaambia wamama, "Niacheni kidogo, niwaandikie program ya kupanga zamu."

Chairlady, Mama Chela, akakubali. Ikifanya kazi, hiyo itakuwa mchango wa boma letu. Ikikataa, Jumatatu niko shambani.

Sasa sikieni ujinga wangu. Program ilikuwa faili moja ndefu na ilikuwa inafanya kazi. Ningeiacha hapo! Lakini niliona video ikisema developer wa ukweli hugawanya code kwa modules. Nikaigawanya mbili, wanachama.py na zamu.py, nikaipack vizuri iingie kwa laptop ya Mama Chela.

Sikutest. Msinitukane bado.

Alhamisi wamejaa sebuleni, vikombe mkononi. Nikabonyeza.

Error. Circular import.

"Inasema nini?" Mama Chela akauliza.

Nikaeleza: wanachama.py ikianza inaitisha siku kutoka zamu.py. Zamu.py nayo, kabla itoe siku, inaitisha majina kutoka wanachama.py, ambayo haijamaliza kuamka. "Kila moja inangoja mwenzake."

Mama Atieno, yule wa duka, akaweka kikombe chini. "Si hiyo ni wewe na mama yako? Wewe hutoki kitandani bila chai, na chai haiivi mpaka ulete kuni."

Walicheka jamani. Aliyecheka zaidi ni yule aliyenizaa.

"Sasa nyinyi hunywa chai aje?" Mama Chela akamuuliza.

"Niliacha kumngoja," mama akasema. "Kuni naweka stoo. Nikitaka kupika nachukua, yeye akitaka kuota moto anachukua. Hakuna mtu anaamsha mwenzake."

Wakuu, nikavuta laptop karibu.

Nikafungua faili ya tatu, stoo.py. Orodha ya majina nikaitoa kwa wanachama.py nikaiweka huko. Stoo yenyewe haiitishi kitu kwa mtu. Zamu inachukua majina stoo. Wanachama inachukua majina stoo, halafu siku kwa zamu. Hakuna tena kuzungukana.

Ikarun! Wakapiga makofi. Nikaanza kujiona nikiwa kwa blanketi Jumatatu.

"Ngoja kwanza," Mama Chela akasema. "Mbona kwenu naona jina moja? Weri, kijana wangu, kwani wewe si mtu mzima?"

Nilikuwa nimejisahau. Kwa bahati mbaya, mnaelewa.

"Jiweke huko stoo. Na mama yako muandikie goti, program imruke."

Nikajiandika mwenyewe, kwa vidole hivi. Nikarun.

Jumatatu, shamba la Mama Chela. Kutoka boma letu: mimi.

"Lakini tulisema program ndiyo mchango wetu!"

"Ndiyo," akasema, akimalizia chai yake. "Na imekutaja."

Naandika hii vidole vikiwa vyeusi kwa utomvu, soksi zikikauka jikoni.

Nilichojifunza: modules mbili zikianza kuitishana, usizibembeleze. Kile zote mbili zinahitaji, kiweke mahali pasipotegemea yeyote. Na test mapema, kabla wamama hawajaketi.

Haya, kuna mwingine hapa code yake imefanya kazi mpaka ikamuumiza? Semeni. Na wale mmekuja kunicheka tu, jipangeni, Mama Atieno yuko mbele yenu.