Nilicheza maiti kwenye filamu, Mji wa Kale wakataka kunizika kweli

Salaam aleikum wakuu. Hili sijalitia chumvi, na mwenye shaka apite Kibokoni aulize. Wananicheka mpaka leo.

Humu mnajadili filamu kubwa kubwa. Mimi naleta ndogo, ambayo nadhani wameiona jamaa za waigizaji tu, tena kwa kulazimishwa.

Direkta wetu ni kijana wa Ganjoni, kamera ya kuazima, maneno mengi. Mimi alinipa nafasi ya maiti. Sikuwa na hata neno moja la kusema, na nilifurahi hivyo hivyo.

Nyumbani lakini mambo yalikuwa mabaya. Baba ni fundi wa kushona kanzu, na cherehani yake ilikuwa niirithi mimi. Nilipoiacha nikafuata filamu, tukaacha kusemezana. Huo ulikuwa mwaka wa pili. Nikipita dukani kwake anainamia kitambaa kama hanioni. Iliniuma sana, siwezi kuwadanganya.

Siku ya kupiga picha ikafika. Nikavishwa sanda, nikalazwa ndani ya jeneza alilotuchongea seremala, nikafunikwa kitambaa cha kijani. Waigizaji wanne wakanibeba kupita vichochoro vya Mji wa Kale.

"Usitikisike mpaka usikie kata," direkta akaniambia.

Hapa ndipo tulipokuwa wajinga sote, na mimi mzaliwa wa hapo ndiye mjinga mkuu.

Kwa wasiopajua kwetu: jeneza likipita huulizi la nani. Unaacha ulichoshika, unatia bega hatua chache, kisha unampokeza mwenzio. Ni heshima, na thawabu unapata.

Kona ya kwanza tu, wenye maduka wakatoka. Muuza kahawa naye akatoka. Waigizaji wetu wakapokewa mmoja mmoja, kwa adabu kabisa, wakabaki mikono mitupu. Direkta anapiga kelele "Kata! Kata!" Nani amsikie? Watu wanasoma tahalili, "La ilaha illa Llah", kwa sauti moja, na mwendo unaongezeka. Nikaelewa kuwa naelekea makaburini.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Mkuu, jaribu wewe. Maiti akisema, jeneza linatupwa, nawe umo ndani, juu ya mabega ya watu.

Kisha nikasikia kikohozi karibu na kichwa changu. Kikohozi cha baba nakijua tangu utotoni.

"Ni nani huyu?" akauliza.

"Wasema ni kijana," akajibu mtu wa nyuma, asiyejua lolote.

Baba akaliweka jeneza vizuri begani. "Nami n'na wangu. Hatusemezani, kwa upuzi tu. Nikitoka kuzika leo n'tampijia simu."

Wakuu, nililia ndani ya sanda. Nikasahau direkta, nikasahau na hatari yenyewe.

"Baba," nikasema, "ni mimi."

Tahalili ikakatika. Watu wakatimka, viatu wakaviacha. Pembe tatu za jeneza zikashuka chini kwa kishindo. Ya nne haikushuka. Baba alikuwa ameishikilia kwa mikono miwili, anatamka shahada, lakini haachi.

Nikafunua kitambaa. Akanitazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Hini ndiyo kazi uloachia cherehani? Kufa?"

Akanipiga kofi la bega, kisha akanikumbatia na sanda yangu pale pale njiani.

"Inuka, twende ukale."

Hilo ndilo onyesho zuri kuliko yote tuliyofanya, na kwenye filamu halimo. Mpiga kamera alikuwa wa kwanza kukimbia.

Funzo: ukitaka kupiga filamu ya mazishi Mji wa Kale, arifu mtaa mzima mapema. Na kama hamsemezani na mzee wako, mtafute ungali unatembea kwa miguu yako.

Waliowahi kucheza filamu zisizojulikana wateremke hapa chini. Matusi pia napokea.

Nyongeza: Baba ameshaiona filamu mara nyingi, nami simlazimishi. Picha ikiruka pale penye jeneza, huwageukia wageni na kuwaambia, "Hapa mimi wamenikata."