Mawe ya Redio kwenye Maegesho ya Farsta

Mwaka wa 1969, nikiwa na miaka tisa, baba alikwenda kuchimba dhahabu na hakurudi. Hakufa. Alioa huko. Shida yetu ilianzia hapo, na shule yangu ikaishia hapo hapo, darasa la tatu. Kwa hiyo mkikuta nimekosea kuandika, someni hivyo hivyo, mtanielewa.

Ninyi wa rika langu, mliokulia Uvira na kando kando yake, mnazikumbuka Jumapili za mpira. Misa ikiisha tu, mji mzima unateremka uwanjani. Mechi ni saa tisa, watu wanafika saa sita, maana mpira wenyewe ulikuwa kisingizio. Watu walikuja kula.

Mama yangu alikuwa na nafasi yake nyuma ya goli la upande wa ziwa. Haikuwa na hati. Mzee mlinzi wa uwanja alimpa yule anayekusanya watu. Ukikosa watu Jumapili moja, Jumapili inayofuata unamkuta mwenzako amekwisha kutandika. Aliyeimezea mate nafasi ile alikuwa Mama Zawadi, muuza maandazi, mwanamke mwenye mdomo, na maandazi yake yalikuwa matamu kweli, simnyimi haki yake. Sisi watoto watano tulikula kutokana na nafasi ile. Hatukuwa na nyingine.

Mitambo yetu ilikuwa hii. Friji ni mtungi uliofukiwa kwenye mchanga mbichi, chupa ndani, gunia lililolowa juu. Jiko ni mbabula, ndoo kuukuu iliyotobolewa matundu na kujazwa makaa. Chombo cha kutunza joto ni blanketi la mdogo wangu: sufuria ya sombe inafungwa humo na kutiwa kapuni, na usiku mtoto analala ananuka kisamvu. Cha kupima nyama kama imeiva ni kidole cha mama. Kasiksi, ile pombe ya ndizi, ilikuwepo pia, ila padri akipita mama aliiita juisi.

Lakini kilichokusanya watu ni redio aliyoiacha baba. Mbele ya mechi ilipiga muziki, na watu walikula wakitingisha mabega. Mimi kazi yangu ilikuwa betri zake. Tuliziita mawe. Mawe yakichoka hayatupwi, mtupe mna pesa gani? Unayaanika juu ya bati kama ndagala, dagaa wetu wa ziwani, unayageuza upande huu na huu, na Jumapili yanaimba tena. Nilijivunia kazi hiyo kuliko shule niliyoachishwa.

Sasa njooni Farsta, huku kwa Waswidi ninakoishi siku hizi, kwenye maegesho ya magari kando ya uwanja. Kila kiangazi Wakongo wa Bredäng tunacheza na Wakenya wa Spånga, na kabla ya mechi kila familia inafungua buti ya gari na kupakua. Mkwe wangu Otieno ni Mkenya, lakini anapakua upande wetu, maana mimi ndiye ninayepika. Anapenda vyombo huyo! Ana friji ya gari. Ana spika isiyo na waya. Ana hema linaloruka na kusimama lenyewe, ila kulikunja linataka wanaume wanne na matusi ya lugha tatu. Vitu vyote vinanyonya betri moja kubwa kama sanduku la safari. Tena ana kijiti anachochoma kwenye nyama, kinachotuma habari kwenye simu.

"Otieno, nyama imeiva, toa."

"Bado, Mama. Ngoja simu ilie."

"Nani anapiga?"

"Nyama."

"Nimezeeka, sijaona mbuzi aliyechinjwa akampigia mtu simu."

Mjukuu wangu Neema alicheka hadi akakaa chini. "Mormor, sluta!" Yaani bibi, acha. Mtoto huyo ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswidi, kama mwalimu wake.

Kiangazi kilichopita, siku ya mechi, asubuhi ilikuwa na baridi. Mnakijua kiangazi cha hapa. Nikaona kioo cha betri kinaonyesha imepungua. Mikono yangu haikuniuliza. Niliivuta ile betri hadi kando ya mbabula yangu, ndiyo, bado ninayo, ili ipate moto kidogo. Ikalia mara tatu, ikazima. Muziki kimya. Friji kimya. Mbuzi naye kimya.

"Mama, umeifanya nini?"

"Nimeianika."

Otieno akashika kichwa kwa mikono miwili. Upande wa pili wa maegesho, spika ya Wakenya ilikuwa inanguruma, na vijana wetu wakaanza kuhamia huko mmoja mmoja, wamebeba sahani zetu zenye sombe yetu. Hali hiyo naijua. Kosa hilo nilikwisha kulifanya.

Wakati ule, Uvira, ilinyesha siku tatu mfululizo, jua hakuna. Ikafika Jumapili na mawe yamekufa. Nikayapanga kando ya mbabula, karibu kabisa na makaa. Yakavimba, yakatoa povu jeusi. Redio haikutoa hata mkoromo. Wateja wakageuza shingo, wakaanza kusogea kwa Mama Zawadi, naye akawapokea kwa sauti ili tusikie: "Karibuni, huku hatujafiwa!"

Nilingoja kofi. Mama hakunipiga. Alipindua kasha la chupa, akanikamata kwapani na kunisimamisha juu yake.

"Macho unayo, mdomo unao. Waliokaa hawalioni goli la mbali. Waambie."

Filimbi ya mechi ikalia. Nikaanza tu: anao yule mfupi, anakimbia kama anadaiwa, amempita mmoja, kipa ameruka kama mbuzi aliyeona chui, mpira uko kule na yeye yuko huku! Watu wakacheka. Wakarudi. Kabla ya nusu ya pili, Mama Zawadi mwenyewe alisogeza kikaango chake karibu asipitwe. Nafasi haikutoka mikononi mwetu. Mama aliuza hapo miaka kumi na moja zaidi.

Basi pale Farsta nikaomba kasha.

"Mama, magoti!"

"Magoti ni yangu, Otieno. Lete kasha."

Nikapanda, nikamshika bega. Filimbi ikalia na mimi nikaanza. Sahani zetu zilirudi, na Wakenya wakifuata nyuma. Walizima spika yao wenyewe ili wanisikie nikimtukana kipa wao. Tulifungwa mbili, lakini ukiuliza watu watakuambia tulishinda.

Jioni Neema akanisikilizisha. Alikuwa amenirekodi kwenye simu, mwanzo hadi mwisho. Kisha akauliza, kwa Kiswahili, pole pole, kama anayevuka mto kwa mawe: "Bibi, nani alifundisha wewe?"

Nikamwambia. Akasema nami nimsikilizishe sauti ya mama yangu.

Enzi zetu hatukukosa kitu cha kupikia wala cha kupozea. Nawacheka vijana na nyama yao inayopiga simu, na nitaendelea kuwacheka. Lakini chombo cha kutunza sauti ya mtu hatukuwa nacho, na hicho nawaonea wivu. Ningetoa friji, hema na ile betri ya Otieno, nisikie tena neno moja tu, lile "Waambie".

Leo nina fleti ya vyumba vitatu Bredäng, niliyoinunua kwa kusafisha ngazi za watu. Nina kampuni ya usafi yenye wafanyakazi sita. Nina gari lenye buti pana. Nina watoto wanne, wajukuu saba, mkwe mmoja Mkenya. Nina mbabula. Nina kasha moja la plastiki, halikaliwi na mtu, halibebewi chupa. Liko kwenye buti.