Kiko cha Baba Mkwe

Mzee Celestini wa Kaniha alikuwa balozi wa nyumba kumi, na tangu kijiji kipangwe kwa mistari mwaka 1974 hakushika jembe ila kwa kuwaonyesha wageni linavyoshikwa. Kazi yake ilikuwa kukaa barazani, redio pajani, na kuwahimiza wengine. Kabla ya hapo, kampeni ya Mtu ni Afya ilipopita, yeye ndiye aliyechaguliwa kiongozi wa kikundi. Aliwasomea watu kijitabu kwa sauti, akawakagulia vyoo mpaka wakawa wanamkimbia, na kila alipomaliza sentensi moja alivuta kiko mara mbili. Debe tupu haliachi kuvuma. Hili lilivuma na kufuka moshi.

Kukiwasha kiko chenyewe hakujua. Katika nyumba ile, mwanamume aliyekwisha kumwoza mwanawe hakuinamia jiko. Kuwasha ilikuwa kazi ya mkamwana, na mkamwana alikuwa Restituta, binti wa Kihangaza kutoka Bugarama, mke wa Emilian. Restituta alishindilia tumbaku, akaweka kaa la moto juu yake, akavuta, akavuta tena, mpaka ikolee. Kisha alipangusa mdomo wa kiko kwa upindo wa kanga na kukiweka juu ya kigoda. Mkononi hakumpa. Heshima ilimkataza mkamwana kugusa mkono wa baba mkwe, hata kulitaja jina lake. Lakini kiko kutoka kinywani mwake kwenda kinywani mwa mzee, hilo heshima haikuliona. Ilikuwa mara nane kwa siku, na siku ya mkutano mara kumi.

"Hakijakolea hiki!" mzee alifoka. "Vuta sawasawa. Kwenu Bugarama watu hawana mapafu?"

Mtoto wa kwanza alizaliwa mwaka 1975, mdogo kama kifaranga aliyenyeshewa. Hakumaliza siku tisa. Wa pili alikuja mwaka 1977, kilo moja na robo tatu kwenye mizani ya zahanati. Akakoroma kifua miezi mitatu, akamfuata mwenzake. Wakati wa mimba zote mbili mzee alikuwa akiwatangazia majirani kwamba tumbaku humpunguza mtoto tumboni, atoke upesi bila kumtesa mama. Watoto walipokufa aligeuza wimbo. "Tumbo la huyu ni gunia bovu," alisema. "Kila kitu kinavuja." Kauli zote mbili zilitoka katika kinywa kimoja, na wala hazikumkwama kooni.

Novemba 1978 Emilian alikwenda vitani, akamwacha mkewe na mimba ya miezi mitatu. Vumbi la lori lilikuwa halijatulia vizuri, mzee akatoa hukumu yake: "Huyu naye akifa, unarudi kwenu. Emilian atamkuta mke mwingine hapa. Nimeshamwona binti mmoja kule Nyantakara."

Restituta alikwenda zahanati Januari. Mkunga aliitwa Melania, mwanamke mnene asiyependa maneno mengi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unavuta tumbaku?"

"Hapana, mama."

Melania alimsogelea, akanusa kanga. "Basi kanga yako ndiyo inayovuta?"

"Mimi ninawasha tu. Kiko cha baba mkwe."

"Unawashaje?"

Restituta akaeleza, tena kwa fahari kidogo, kwa maana aliijua kazi yake. Melania aliweka kalamu chini.

"Mwanangu, tumbo halijui tofauti ya kuwasha na kuvuta. Moshi ukiingia kifuani mwako unaingia katika damu, na ni kwa damu hiyo mtoto analishwa. Anakosa hewa, anakosa chakula, anazaliwa mdogo na kifua kibovu."

"Na wale wawili?"

"Siwezi kukuapia. Watoto wachanga hufa kwa mengi. Lakini huyu bado yumo, na huyu tunaweza kumsaidia. Usiwashe tena. Akivuta, ondoka alipo."

Njiani Restituta hakulia. Alikuwa akiwaza jambo ambalo hakuwahi kuthubutu kuliwaza: kwamba mtu aliyemhofu miaka yote minne ya ndoa yake alikuwa mzee mvivu asiyeweza hata kujiwashia moto.

Alasiri ile baraza lilikuwa limejaa majirani waliokuja kusikiliza habari za vita. Celestini alikuwa akiongoza jeshi kutoka kitini. "Ningekuwa mimi," alisema akikata hewa kwa mkono, "ningepitia kushoto, ningewafagia wote kabla ya chai. Mke wa Emilian! Kiko!"

Restituta alitoka jikoni na kiko kitupu, tumbaku juu ya jani la mgomba, na kaa la moto kwenye kigae. Akavipanga juu ya kigoda.

"Nini hiki?"

"Tumbaku hiyo, baba, na moto huo. Mimi siwashi tena. Mkunga amekataza, moshi unamdhuru mtoto tumboni."

"Mkunga! Balozi hapa ni mkunga?"

"Balozi ni wewe, baba. Ndiwe uliyewasomea hawa kwamba mtu ni afya. Na huyu ni mtu."

Mzee, kwa hasira, akalichukua kaa kwa vidole vitupu. Likamwunguza, likaangukia kaptura, akaruka na redio ikabingiria chini. Alipolipata tena kwa vijiti akalishindilia mpaka likazimika, akavuta jivu, akakohoa machozi yakimtoka.

"Jemadari," akaita Bibi Niragira, jirani wa mlango wa pili, "mpakani Mutukula utafika lini, nawe kaa moja limekushinda?"

Watu wakaangua kicheko.

"Kesho unarudi Bugarama!" mzee akamfokea Restituta.

"Mrudishe," Niragira akasema. "Emilian akija tutamweleza sisi tuliokuwapo: mkeo amefukuzwa kwa kukataa kumvutia baba yako tumbaku."

Mzee akaokota redio, akaipangusa vumbi muda mrefu kuliko vumbi lililokuwapo. Kesho ikapita, na keshokutwa, Restituta akiwa palepale. Mzee alipoingia na kiko ndani, yeye alibeba mkeka wake akatoka, hata kwenye manyunyu.

Mwezi Mei akajifungua zahanati. Mtoto alikuwa na kilo tatu kasoro robo, na kilio cha kufukuza kunguru. Siku waliyorudi nyumbani, Niragira akiwa amempakata mtoto aliyetoka kunyonya ziwa moja, mzee akatokea mlangoni, kiko mdomoni.

"Damu yangu hiyo!" akawaambia majirani nyuma yake. "Mniulize mimi. Ndiyo maana nilipiga marufuku moshi nyumba hii." Akanyoosha mikono. "Mleteni babu amshike."

"Kiko nje kwanza, baba," Restituta akasema kutoka kitandani.

Mzee akatazama huku na huku akitafuta wa kumshikia kiko. Hakuna aliyenyoosha mkono. Kiko kilikuwa kimekolea vizuri, kwa mara ya kwanza siku ile, baada ya kumhangaisha asubuhi nzima. Akamtazama mjukuu. Akakitazama kiko. Akarudi barazani akakimalizie.

Restituta akampokea mtoto kwa Niragira, akamweka kwenye ziwa la pili.