Dawa ya Unga ya Kiwele

Kisa hiki alinisimulia bwana mifugo wetu wa zamani; kilitokea mwaka ule serikali ilipompunguza kazini akafungua duka la dawa za mifugo pale Somanda. Shangazi yangu alimwendea na hofu: ng'ombe wake wa maziwa amevimba kiwele, chuchu moja inatoa mabonge, nyingine zitafuata.

"Mayu," alimwita kwa heshima, kama tuitavyo mama, "hiyo moja itibu kwa dawa hii. Nyingine utaziokoa kwa kunawa mikono kabla ya kukamua."

"Hayo ulituambia bure miaka yote. Leo nimekuja kununua!"

Bwana mifugo akaingia ndani, akakwangua sabuni ya mche, akaifunga kwenye karatasi na kutaja bei. "Nawia hii kila unapokamua."

Alinawa bila kukosa, na chuchu tatu zikasalimika. Tulichopuuza kilipokuwa bure, soko huria lilitufundisha.

Bwana mifugo amekwisha fariki. Shangazi yu hai, na bado anawasifia majirani dawa ile.